Kagueni sufuria, msiishie kwenye karatasi ya ukutani: barua ya wazi kuhusu chakula cha vituo vya watoto wadogo

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Kwa wakurugenzi wa halmashauri za Tanzania Bara,
Kwa maafisa ustawi wa jamii na maafisa lishe wa wilaya.

Waheshimiwa,

YAH: VIPIMO VYA CHAKULA KATIKA VITUO VYA KULELEA WATOTO WADOGO MCHANA

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Sisi ni wapishi, walezi na wataalamu wa lishe tunaofanya kazi ndani ya vituo hivi, vya binafsi na vya kijamii. Tunaomba jambo moja: ratiba ya chakula ya kituo isipokelewe na mkaguzi yeyote kama haionyeshi kiasi cha kila chakula kwa kila mtoto, pamoja na uzito wa uji, yaani gramu za unga kwa kila lita. Yanayofuata ni sababu za ombi hilo na namna ya kulitekeleza bila kuongeza mzigo wa karatasi.

Mkaguzi anapofika kituoni anakagua vyoo, uzio, eneo la kulala na vyeti vya walezi. Kisha anatazama ukutani. Pameandikwa: Jumatatu uji, wali maharage, Jumanne uji, ugali dagaa, Jumatano uji, ndizi nyama. Anaweka alama ya vema na kupita. Hakuna kosa kwenye ratiba hiyo, ila haisemi lolote. Vituo viwili vyenye ratiba ileile neno kwa neno vinaweza kuwapa watoto chakula kinachopishana mara tatu, na mkaguzi asijue kipi ni kipi.

Tuanze na uji, maana ndiko kwenye tatizo kubwa. Jiko linalotaka kubana matumizi huchemsha lita 10 za uji kwa nusu kilo ya unga. Hiyo ni gramu 50 kwa lita. Kikombe cha ml 250 kinabeba gramu 12 na ushee za unga, yaani takriban kilokalori 45. Ukitia vijiko viwili vya chai vya sukari ili watoto waunywe, sukari peke yake inakaribia nishati ya unga wote uliomo. Mtoto anashiba maji. Anakojoa mara mbili, na ikifika saa 5 asubuhi analia. Mlezi anadhani ana usingizi.

Uji uleule ukipikwa kwa gramu 150 za unga kwa lita, kikombe kilekile kinafika kilokalori 135 hivi. Ongeza gramu 10 za karanga zilizosagwa laini, nao unakaribia 190. Tumbo la mtoto mdogo hupokea kama gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Mwenye kilo 10 anaweza kula gramu 300 tu, hata umbembeleze vipi. Kuongeza kikombe cha pili cha uji mwepesi hakumsaidii, kwa sababu nafasi ya kukiweka haipo. Kinachobadilishwa ni kilichomo ndani ya kikombe cha kwanza.

Wapishi watasema, na wako sahihi, kwamba uji wa gramu 150 kwa lita unakuwa mzito mno, unashika mwiko, na mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuumeza. Hapo ndipo kimea kinapohitajika. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu mpaka uchipue, unaanikwa juani hadi ukauke kabisa, unasuguliwa ili vichipukizi na vimizizi vidondoke, kisha unasagwa. Pika uji mzito hadi uive, uepue, usubiri upoe kiasi cha kufuka mvuke bila kutokota, kisha koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kimea kwa kila lita. Ndani ya dakika chache uji unalegea na kuteremka kwenye kijiko, na unga uliomo ni uleule. Urudishe jikoni uchemke tena dakika tano, kwa sababu nafaka iliyochipuzwa hubeba vijidudu vingi.

Makosa yanayotokea hapa ni mawili. La kwanza ni kutia kimea uji ukiwa bado unatokota: vimeng'enya vinavyolegeza wanga vinakufa kwa moto, uji unabaki mzito, na mpishi anatangaza kwamba kimea ni porojo. La pili ni kutengeneza kimea cha mtama na kusaga pamoja na vichipukizi vyake. Vichipukizi vya mtama vina sumu ya sianidi. Kwa kituo cha watoto tunashauri kimea cha ulezi, basi.

Sasa unga wa lishe. Tunajua tunagusa pabaya, kwa sababu akina mama wengi wanauamini, na wafanyabiashara wengi wanaishi kwa huo. Mchanganyiko unaouzwa mitaani una mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, pengine na dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Nafaka tano bado ni kundi moja la chakula. Mtoto hapati kitu kipya kwa kuongezewa nafaka ya nne. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vya kutosha kabla ya kusagwa ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, na dakika 15 za kupika uji haziondoi vyote. Karanga zikishasagwa, mafuta yake yanaanza kuchacha. Unga uliokaa stoo mwezi mzima unanuka rangi ya ukutani, na watoto wanaukataa. Halafu ipo sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga.

Sumukuvu hatuitaji kwa kutishana. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyochafuliwa nayo. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi au karanga, na kupika hakuiondoi. Ukisaga vyote pamoja, karanga chache zenye ukungu zinaingia kwenye gunia zima, wala huwezi tena kuziona. Kwa hiyo tunaomba vituo vielekezwe hivi: unga wa uji uwe wa nafaka moja, ulezi au sembe iliyorutubishwa yenye nembo kwenye mfuko. Karanga zinunuliwe zikiwa nzima, zipembuliwe kwa mkono mchana kweupe, zinazokunjana, zilizobadilika rangi, zilizoota ukungu au zilizo chungu zitupwe. Zisilishwe hata kuku, maana sumu hiyo hupita kwenye mayai. Zilizobaki zikaangwe, zisagwe za siku mbili tatu tu, zitiwe kwenye uji ukiwa karibu kuiva. Kanuni za kurutubisha vyakula zipo tangu 2011, lakini mashine ndogo za kusaga zilizojaa mitaani kwetu hazina kifaa cha kuongezea virutubishi. Kituo kinachosagisha huko kijue kwamba unga wake hauna madini ya chuma ya ziada, na kiyatafute kwingine.

Na hapo kwingine ni wapi? Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kwa miaka mingi tafiti za aina hiyo zimekuwa zikionyesha pia kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo wana upungufu wa damu. Katika kupanga mlo wa kituo, nishati ni rahisi kufikia, protini si ngumu sana, lakini madini ya chuma ndiyo yanayotutoa jasho. Maharage na mchicha vinayo, ila mwili wa mtoto unachukua kidogo tu ya kilichomo. Mambo matatu yanabadilisha hesabu. Kwanza, kitu chenye vitamini C kiwe kwenye mlo uleule: papai, embe, chungwa, nyanya mbichi iliyokatwakatwa, au limau likamuliwe juu ya mboga. Tunda la saa 10 jioni halisaidii maharage ya saa 6 mchana. Pili, chai ya rangi iondolewe kabisa mezani pa watoto. Inafunga chuma cha mlo. Vituo vingi bado vinatoa chai na mkate asubuhi, na huo ndio mlo mwepesi kuliko yote kwa mfuko wa mwenye kituo na kwa mwili wa mtoto. Tatu, chakula cha asili ya wanyama kiwepo, hata kwa kiasi kidogo, mara tatu au zaidi kwa wiki.

Dagaa ndio jibu la bei ya kawaida. Dagaa mkavu aliyesagwa ni protini zaidi ya nusu ya uzito wake, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake, analeta pia kalsiamu. Kiasi kinachofaa ni gramu 8 hadi 10 za unga wake kwa mtoto, sawa na kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Kwa watoto 40, gramu 400 kwa siku. Namna ya kuandaa: chagua dagaa waliokaushwa kwenye chanja. Waliokaushwa chini wana mchanga, na mchanga unaosagwa pamoja nao hauchujiki tena. Toa vichwa na tumbo, kwa sababu huko ndiko kwenye uchungu unaowafanya watoto wateme. Osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu hadi maji yatulie bila tope chini ya beseni. Anika tena, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole, saga, chekecha. Uhifadhi wiki mbili kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Dagaa wa kuku ni wa kuku. Tofauti ya bei inavutia, lakini kilichomo humo hakijulikani.

Mlo wa mchana sasa. Tuchukue kituo cha watoto 40: 30 wa miaka 3 hadi 5, na 10 wa mwaka 1 hadi 2 wanaokula theluthi mbili ya kiasi cha wakubwa. Kwa hesabu ya chakula, hao ni sawa na watoto wakubwa 37. Siku ya wali maharage, kila mkubwa apate gramu 50 za mchele mkavu, gramu 30 za maharage makavu, gramu 50 za mboga za majani zilizochambuliwa, kijiko kimoja cha chai cha mafuta na gramu 70 za tunda lililomenywa. Kwa kituo chote hiyo ni mchele kilo 1.9, maharage kilo 1.1, mboga kilo 1.9, mafuta ml 185 na tunda kilo 2.6. Sahani ya mtoto itakuwa na takriban kilokalori 365. Ukijumlisha uji wa asubuhi wenye 190, na mlo wa jioni wa kiazi lishe (kiazi kitamu cha rangi ya chungwa) cha kuchemsha gramu 100 pamoja na maziwa ml 100, ambao ni kama 150, mtoto anaondoka kituoni na zaidi ya nusu ya mahitaji yake ya siku. Anayekaa kwetu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni hastahili pungufu ya hapo, maana nyumbani anakula mara moja tu na kulala.

Angalieni tulivyotaja maharage makavu na mboga zilizochambuliwa. Hili si jambo dogo. Kilo ya mchicha wa sokoni, ukitoa mizizi na mashina magumu, haibaki kilo. Maharage gramu 30 makavu yakiiva yanakuwa kama gramu 75. Ratiba ikisema gramu 30 bila kueleza makavu au yaliyoiva, mpishi mmoja atapika mara mbili na nusu ya mwingine, na wote wawili watakuwa wamefuata karatasi.

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe. Hiyo inapunguza gesi tumboni na kupunguza vitu vinavyozuia chuma na zinki visifyonzwe, tena inapunguza mkaa au gesi ya kupikia. Yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 mwanzoni, kisha yaive taratibu hadi yapondeke kwa vidole viwili. Kwa walio chini ya miaka miwili yapondwe. Kinachofanyika katika vituo vingi ni kuwapa wadogo mchuzi wa maharage juu ya wali, kwa hoja kwamba maharage yenyewe ni mazito kwao. Mchuzi ni maji, chumvi na rangi. Punje ndiyo chakula.

Kisamvu kitwangwe, kichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ndipo nazi au karanga ziingie. Mchicha, matembele na majani ya maboga yasizidi dakika chache jikoni, na mafuta yawepo, kwa sababu vitamini A ya mboga haifyonzwi vizuri bila mafuta. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, kama vile mbegu za Kabode na Mataya, tunavipenda kuliko karibu chakula kingine chochote cha kituo: kiazi kidogo kimoja kwa siku kinaweza kutosheleza vitamini A ya mtoto, ni laini, ni kitamu bila sukari, na hakina mbwembwe jikoni. Kiazi cheupe hakifanyi kazi hiyo. Yai, nusu kwa kila mtoto mara mbili kwa wiki, ni mayai 20 kila mara kwa kituo chetu cha mfano. Maini ni mazuri, kijiko kimoja au viwili kwa mtoto, yasizidi mara moja kwa wiki maana vitamini A yake ni nyingi mno. Chumvi iwe yenye madini joto, na iwe kidogo. Mpishi akionja na kuona tamu kwa ulimi wake mtu mzima, kwa mtoto imeshazidi. Sukari kwa walio chini ya miaka miwili haina sababu ya kuwepo. Juisi za pakiti, soda na biskuti zisipewe hata kama mzazi ameleta mwenyewe. Keki ya sikukuu ya kuzaliwa ipewe mipaka yake, la sivyo kituo chenye watoto 40 kinasherehekea karibu kila wiki.

Kuna vyakula vizuri vinavyoua kwa umbo lake. Karanga nzima, bisi, punje za mahindi ya kuchemsha, zabibu nzima, pipi, miwa, kipande kikubwa cha nyama, samaki mwenye miiba, na ubuyu. Ubuyu tunautaja kwa makusudi, kwa sababu unachukuliwa kama kitu cha watoto, na mbegu yake ngumu inayoteleza ina ukubwa hasa wa kuziba koo la mtoto wa miaka miwili. Vyote hivi visitolewe kwa walio chini ya miaka minne. Mtoto ale akiwa amekaa, asile akikimbia wala akiwa amelala. Na kumlisha kwa nguvu, kichwa kimelazwa na mikono imebanwa, kupigwe marufuku kwa maandishi. Uji unaoingia mapafuni unaleta nimonia, na mtoto aliyelishwa hivyo anaanza kulia akiona kikombe tu.

Kila mtoto awe na sahani yake. Sinia la pamoja ni desturi njema nyumbani ambako mama anaona mikono yote. Kituoni, mwenye miaka minne anamaliza nyama wakati wa miaka miwili bado anahangaika na tonge la kwanza, na mlezi ataandika kwamba wote wamekula.

Vituo visivyopika vina shida ya aina nyingine. Mzazi anapika saa 11 alfajiri, anafunga wali kwenye hotipoti ya plastiki, mtoto anaula saa 6 mchana. Huo ni muda wa saa saba nzima katika joto la Dar es Salaam. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kikiwa vuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60. Wali una bakteria wake ambao mbegu zao zinavumilia kupikwa, na sumu wanayoitoa haiharibiki ukipasha. Ndiyo maana kupasha mchana si suluhisho. Kama kituo hakina jiko, kiwe na friji inayofanya kazi na kipimajoto ndani yake, chakula kiingizwe humo mtoto anapopokelewa, kisha kipashwe mara moja tu hadi kifuke moshi katikati. Vinginevyo wazazi walete vitu vinavyovumilia: ndizi mbivu isiyomenywa, kiazi lishe cha kuchemsha kisichomenywa, chungwa, mkate na siagi ya karanga iliyopakwa nyembamba, na kituo kiwajibike kwa mlo wa moto. Kwa maoni yetu, kituo kinachopokea watoto kutwa nzima bila jiko wala friji kisisajiliwe.

Watoto wachanga wasisahauliwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Maana yake tunapokea watoto wa miezi mitatu, ambao bado walipaswa kunyonya maziwa ya mama peke yake. Kituo kinachopokea umri huo lazima kijue kutunza maziwa yaliyokamuliwa: chombo safi chenye mfuniko, jina, tarehe na saa, yasikae nje ya friji zaidi ya saa 4, na sehemu zenye joto kali ni bora yatumike mapema zaidi, kwenye friji ya nyuzi 4 yanaweza kukaa siku 4. Yanapashwa kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, hayachemshwi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, kwa sababu chupa zenye chuchu zina kona nyingi za uchafu. Yaliyobaki kikombeni yatupwe. Saa 2 za mama anazo kisheria. Tunaomba kituo kiwe na kiti na kona ya faragha ili azitumie.

Kuanzia miezi 6 wanaanza vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kilichopondwa, mara mbili kwa siku, kikiongezwa taratibu hadi nusu kikombe cha ml 250 kwa mlo. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe, mara tatu au nne. Mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu hadi kikombe kizima. Kipondwe, kisisagwe kwa blenda kikawa maji; mtoto wa miezi 9 anahitaji vibonge laini ili ajifunze kutafuna. Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji yasubiri umri huohuo, na baada ya hapo yasizidi nusu lita kwa siku, maana yakijaza tumbo yanafukuza chakula chenye chuma.

Sasa utekelezaji, waheshimiwa.

Vipimo haviji na gharama kubwa. Mizani ya jikoni ya kilo 5 au 10 inatosha kituo kimoja. Kwa kugawa, pimeni upawa: ujaze maji, mimina kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita. Chupa ikijaa kwa mara nne, upawa huo ni ml 125, na pawa mbili ni kikombe kimoja. Andikeni kwa rangi kwenye mpini. Upawa ukipotea na kununuliwa mwingine, pimeni upya; tumeona kituo kikipunguza mlo wa watoto wote kwa robo kwa sababu tu upawa mpya ulikuwa mdogo, na hakuna aliyegundua hadi unga ulipoanza kubaki stoo.

Mkaguzi akifika, afike saa 4 asubuhi, uji ukiwa jikoni. Aulize mambo matatu: watoto wangapi leo, unga kilo ngapi, sufuria lita ngapi. Agawe. Ikiwa ni chini ya gramu 120 kwa lita, aandike. Kisha achote kijiko cha uji na kukiinamisha: ukimiminika kama chai ni mwepesi, ukidondoka taratibu kwa mafungu ndio wenyewe. Penye kimea jaribio la kijiko halifai, hapo atumie hesabu ya unga. Halafu afungue stoo, achukue karanga kiganja kimoja na kuzitazama. Dakika 10 zinatosha, na zitamwambia kuliko karatasi ya ukutani ilivyomwambia miaka yote.

Kwa maafisa lishe: kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya shughuli za lishe, na wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya kulisimamia hilo. Watoto wa vituo ni sehemu ya hesabu hiyo. Tunaomba sehemu yake inunue mizani, utepe wa kupima mzingo wa sehemu ya juu ya mkono, ambao huonyesha utapiamlo, na siku mbili za mafunzo kwa wapishi. Tunasema wapishi, kwa sababu mafunzo yaliyopo huwaita wamiliki na walezi, na mtu anayeshika mwiko anabaki nje. Utepe utumike kila mwezi kwa wenye miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 12.5 mtoto apelekwe kituo cha afya wiki hiyohiyo. Chini ya 11.5 apelekwe siku hiyohiyo.

Kwa Wizara: Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 imeiweka lishe kati ya nguzo zake, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua haki ya mtoto ya kupata chakula. Tunachoomba kinaingia kwenye fomu ya ukaguzi kwa mistari minne: gramu za unga kwa lita ya uji, gramu za maharage, dagaa, nyama au yai kwa mtoto, mboga na tunda la mlo wa mchana, na ujazo wa upawa. Fomu mpya ikitoka, ratiba za zamani zipewe miezi mitatu ya kujirekebisha. Vituo vya kijamii visifungwe kwa kukosa mizani, vipewe.

Bei za soko zinabadilika, hivyo hatukuweka shilingi kwenye hesabu zetu. Afisa biashara wa halmashauri anaweza kuzidisha gramu zilizomo humu kwa bei ya soko lake kila robo mwaka, na kubandika gharama ya mlo kwa mtoto. Mzazi ataona ada anayolipa inakwenda wapi, na mwenye kituo anayelalamika kwamba ada haitoshi atakuwa na tarakimu za kuonyesha.

Tunaomba kuwasilisha.

Wapishi, walezi na wataalamu wa lishe wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana

Nakala: Wamiliki wa vituo, kamati za wazazi, wenyeviti wa serikali za mitaa na vijiji vyenye vituo vya kijamii.